Tuamini telefoni ao tuamini Kahuzi?

Mwezi huu swali letu limetoka Mudaka, pale sokoni kando ya barabara ya kwenda Kavumu. Mama mmoja anayeuza unga wa muhogo alituambia hivi:

"Asubui natandika muhogo yangu kwa bashe. Mutoto anaangalia telefoni, anasema: mama, leo ni jua siku muzima. Miye nainua macho, naona Kahuzi imevaa kofia. Saa nane mvua inashuka, muhogo inaloba, inaanza kunuka, hata nusu ya bei sipate. Sasa tuamini nani, telefoni ao Kahuzi? Na ile sateliti yenye banasema inaona mawingu yote, yenyewe inafanya nini?"

Tulicheka pamoja naye, kisha tukaacha kucheka. Katika mfuko wa barua tulikuwa na maswali mengine mawili yanayofanana na lake. Mwuguzi wa kituo kimoja cha afya kule porini anauliza namna ya kujua kama kesho jua litatosha kwa frigo ya chanjo, kwa kuwa hana umeme mwingine isipokuwa pano mbili juu ya bati. Na kiongozi wa shimo moja la dhahabu, wale munaowaita PDG, anataka kujua mvua saa mbili kabla haijanyesha. Kwake yeye kinacholoba si muhogo. Yeye ana watu chini ya udongo.

Basi tuwajibu wote watatu, lakini tuanze na mama.

JUA LA TELEFONI SI PICHA

Lile jua dogo la manjano ambalo mtoto anaona kwenye telefoni si picha ya mbingu ya Mudaka. Hakuna aliyeitazama Mudaka asubuhi ile akaona jua. Ni hesabu. Mashini kubwa za Ulaya na Marekani zinachukua vipimo vya upepo, joto na unyevu vya dunia nzima, zinaigawanya dunia katika vipande vya mraba, kisha zinapiga hesabu ya kila kipande kwa siku zinazokuja. Katika hesabu nyingi za namna hiyo kipande kimoja kina upana wa kilometa 10, ao hata 25.

Sasa fikiri nchi yetu. Maji ya ziwa Kivu yako kwenye meta 1,460 hivi juu ya bahari. Kichwa cha Kahuzi kiko kwenye meta 3,308. Kutoka ziwani mpaka kule hakuna hata kilometa 30, na Mudaka iko hapo kati, pamoja na mashamba yake na soko lake. Kipande cha kilometa 25 kinaweza kumeza ziwa, soko na ubavu wa mlima, kama mtu anayepika maharagi, ndizi na sombe katika chungu kimoja, kisha anakuuliza ladha ya ndizi. Ndiyo maana mwezi wa ine telefoni inaweza kukuchorea jua lenye wingu na matone ya mvua, leo, kesho na kesho kutwa, vilevile. Ni vigumu kuiambia imekosea. Lakini muhogo haukauki kwa hesabu ya namna hiyo.

Picha ya sateliti ni kitu kingine kabisa.

JICHO JUU YA GUBA YA GUINEA

Juu ya bahari ya guba ya Guinea, kwenye mstari wa ikweta, kwa urefu wa kilometa karibu 36,000, kuna sateliti za Ulaya zinazoitwa Meteosat. Ya kwanza ilirushwa mwaka wa 1977. Kwa urefu ule sateliti inazunguka sawasawa na dunia, mzunguko mmoja kwa siku, na kwa hiyo ni kama imesimama fasi moja. Kutoka pale inaiona Afrika yote mara moja, tangu Dakar mpaka Mogadishu, na Kivu yetu ndani. Zile za aina ya kwanza zilipiga picha moja kila dakika 30. Zile za aina ya pili, zilizoanza kazi mwaka wa 2004, zilipiga moja kila dakika 15. Ile ya aina ya tatu ilirushwa tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka wa 2022, na tangu mwisho wa 2024 inafanya kazi yake yote: picha nzima kila dakika 10.

Picha zinaendeshwa na shirika linaloitwa EUMETSAT, lenye makao Darmstadt, Ujerumani, na zinarudishwa Afrika kwa njia ya dishi, karibu kama televisheni. Katika miaka ya kwanza ya 2000 mpango mmoja ulioitwa PUMA uligawia nchi za Afrika mashini za kupokea picha hizo. Kwetu Kongo kazi ni ya METTELSAT, idara ya Serikali iliyo Kinshasa. Toka Kinshasa mpaka Mudaka ni kilometa karibu 1,500, na habari ya wingu inaoza haraka kuliko samaki. Lakini siku hizi mtu mwenye telefoni yenye rezo na mega kidogo anaweza kufungua picha zenyewe bila kupita kwa mtu yeyote, na bila kulipa. Wengi hawajui, wanabaki na lile jua la manjano.

Picha imejengwa na madoa madogo, kama kitambaa kilichofumwa. Katika picha za aina ya pili doa moja lilikuwa na upana wa kilometa 3 hivi, na katika zile mpya ni kilometa 1 ao 2. Soko lote la Mudaka linaingia ndani ya doa moja na nafasi inabaki. Usitafute nyumba yako.

WEUPE WA WINGU NI HASARA YA JUA

Wengine wanashangaa: kama sateliti iko juu ya mawingu, itajuaje jua kiasi gani linafika huku chini?

Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Wingu nene likionwa toka juu ni jeupe sana, kwa sababu linarudisha mwanga wa jua mbinguni. Mwanga uliorudi juu haukufika kwenye bashe ya mama. Basi kadiri wingu linavyokuwa jeupe kwa macho ya sateliti, ndivyo sisi tunavyokosa jua. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa École des Mines ya Ufaransa (ndiyo, shule ya mambo ya machimbo, wasomaji wetu wafurahi) walitengeneza njia ya kuhesabu jambo hili, nayo inaitwa Heliosat. Wanachukua picha za fasi moja, saa ile ile, kwa siku nyingi. Siku ambayo fasi ile ni nyeusi kuliko zote, hapo hakukuwa na wingu, ni shamba na pori vinavyoonekana. Siku ambayo ni nyeupe kuliko zote, hapo wingu lilikuwa nene kabisa. Halafu wanaangalia picha ya leo iko wapi kati ya zile mbili. Mwanga wa adhuhuri bila wingu hapa kwetu unaweza kukaribia wati 1,000 kwa meta moja ya mraba. Chini ya wingu la mvua kubwa unaweza kushuka chini ya 100. Pano haizimiki, lakini inanong'ona tu.

Sasa kutabiri. Wanachukua picha mbili zinazofuatana, wanatafuta wingu lile lile katika zote mbili, wanapima limesogea kiasi gani. Tuseme saa tatu ya asubuhi kuna wingu upande wa Idjwi, mbali na Mudaka kilometa 30. Dakika 15 zikapita, wingu limekuja kilometa 6. Basi linatembea kilometa 24 kwa saa moja, na litafunika jua la Mudaka baada ya saa moja na robo kuanzia picha ya kwanza. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuipiga hesabu hiyo. Mashini inafanya vilevile, ila kwa mawingu yote ya Afrika pamoja.

Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo sateliti inatazama joto. Kichwa cha wingu la dhoruba kiko juu sana, kinaweza kuwa na baridi ya digri 70 chini ya sifuri, hata zaidi. Kadiri kilivyo baridi, ndivyo wingu lilivyo refu. Lakini ukungu wa chini, ule unaolala asubuhi kwenye mabonde ya Kabare, una joto karibu sawa na udongo, na macho ya joto yanaupita bila kuuona. Hapo mzee anayetoka nje kwenda kukojoa alfajiri anajua kuliko sateliti.

Na wakati wa kiangazi, kipwa kama wengine wanavyosema, kuna jambo lingine. Mwezi wa saba mbingu haina wingu, picha ni safi, lakini jua ni kama limefunikwa kitambaa. Ni vumbi na moshi wa mioto ya nyika inayowashwa kule kusini. Mwenye pano asishangae: batri inaweza kuchelewa kujaa hata siku ambayo picha inasema hakuna wingu.

CHUNGU KINACHOCHEMKA

Tufike kwenye ugumu wenyewe, maana mpaka hapa mtu angefikiri sateliti imemaliza kila kitu.

Ukitupa jani mtoni unaweza kulifuata kwa macho na kusema: baada ya dakika mbili litafika kwenye daraja. Lakini weka chungu cha maji kwenye moto, kisha mwambie mtu aseme povu litatoka wapi. Hawezi. Kufuata mawingu kwa picha mbili ni kufuata jani. Njia hiyo inasaidia sana kwa saa moja ao mbili, inasaidia kidogo mpaka tatu ao ine, na baada ya saa tano ao sita hata zile hesabu za vipande vikubwa zinaishinda. Tena inafaa zaidi katika nchi ambazo mawingu yanasafiri. Huku kwetu mawingu mengi hayasafiri kwanza. Yanazaliwa.

Tazama siku ya kawaida ya mwezi wa tatu ao wa ine. Asubuhi jua linapiga mabavu ya milima. Udongo unapata joto, hewa inapanda. Upepo wa ziwa unaingia nchini, unapita juu ya Mudaka, unagonga mlima, unalazimika kupanda. Hewa ikipanda inapoa, mvuke wake unakuwa wingu. Saa tano Kahuzi inavaa kofia. Saa saba kofia imekuwa mnara. Sasa, mapepo ya juu katika nchi yetu mara nyingi yanavuma toka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo mnara ule unasukumwa upande wa pori, Walikale na Shabunda. Mashini inayofuata mawingu inaona hivyo na inasema: wingu linaenda zake, Mudaka itabaki na jua. Lakini ule upepo baridi unaoshuka mbele ya mvua, ambao kila mama anaujua kwa ngozi, unateremka mlima kuja huku, unainua hewa nyingine ya joto, na wingu jipya linazaliwa juu ya soko lenyewe. Katika picha ya dakika 10 zilizopita wingu lile halikuwako. Hakuna kitu cha kufuata.

Kwa hiyo, mama, macho yako si ujinga. Kofia ya Kahuzi inakuonyesha kuzaliwa kwa wingu. Katika Injili ya Luka tunasoma kwamba watu wa wakati wa Yesu walijua wingu likitokea magharibi mvua inakuja. Kwao magharibi ilikuwa bahari. Kwako magharibi ni Kahuzi.

Hata hivyo, tusiseme kwamba hakuna anayeweza kutabiri kuzaliwa kwa mawingu. Kuna mfano mmoja mzuri si mbali na sisi. Kwenye ziwa Viktoria dhoruba za usiku zinaua wavuvi wengi kila mwaka. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza kwamba wameangalia picha za Meteosat za miaka mingi na kuona jambo: mchana dhoruba zinakuwa nchi kavu kando ya ziwa, usiku zinahamia juu ya maji, na usiku wa hatari sana unafuata mara nyingi mchana wa dhoruba nyingi. Basi picha ya mchana inatoa onyo la usiku, saa nyingi kabla mvuvi hajasukuma mtumbwi. Hawakufuata wingu moja moja. Walijifunza tabia ya mahali. Ziwa letu Kivu ni dogo sana mbele ya lile, lakini tabia ni ya ukoo mmoja: mchana mvua inapenda milima, usiku inapenda maji.

JINA LA KABARE LINAJULIKANA MBALI

Mwaka wa 1997 Wamarekani na Wajapani walirusha sateliti nyingine, jina lake TRMM, ya kupima mvua za nchi za joto. Ndani yake kulikuwa na chombo cha kuhesabu radi. Mwaka wa 2016 hesabu ya miaka 16 ilitangazwa, na fasi za dunia zikapangwa kwa mstari. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela, yenye radi 233 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Ya pili duniani imeandikwa kwa jina la Kabare, Kongo: 205. Walitumia jina la mji ulio karibu katika orodha yao. Fasi yenyewe iko ng'ambo ya milima, upande wa magharibi, kwenye pori, pale pale ambapo wengi wenu munaosoma haya munachimba. Kampene ya Maniema inafuata, na Sake ya Kivu Kaskazini iko ya tano.

Radi nyingi kati ya hizo zinaruka ndani ya wingu bila kufika chini. Lakini hata sehemu inayofika ni kubwa. Tunaandika hili kwa makusudi. Kila mara radi ikiua mtu kijijini, kuna wanaouliza: nani aliituma? Kisha mzee fulani, mara nyingi mama mjane asiye na mtoto wa kumtetea, anatajwa jina. Ndugu zangu, kwenye kilima cha kilometa moja ya mraba mbingu inawaka mara 205 kwa mwaka bila kutumwa na mtu. Sababu ni zile zile tulizosema: jua, mlima, hewa ya joto na unyevu wa pori. Ile sateliti mpya ya 2022 ina kamera ine za kutazama radi tu, usiku na mchana, juu ya Afrika na Ulaya pamoja. Inaona radi za Walikale na inaona za Ulaya, na zote zina mwendo mmoja.

UNAHITAJI DAKIKA NGAPI?

Sasa turudi kwa wale watatu. Kila mmoja aliuliza: nimwamini nani? Sisi tungependa kila mmoja ajiulize kwanza: nikionywa, ninahitaji muda gani kujiokoa?

Mama wa muhogo anahitaji dakika 10. Akiita watoto wawili, bashe inakunjwa na mihogo iko chini ya paa. Kwa dakika 10 Kahuzi inatosha, na upepo baridi unatosha. Picha inamsaidia asubuhi tu, saa tatu hivi: kama wingu kubwa linakuja toka Idjwi, asitandike kabisa, apumzike ao asage ule wa jana. Kama picha ni safi, atandike mapema, na kuanzia saa tano macho yawe mlimani. Jua la manjano la telefoni aliache.

Mwuguzi yeye anahitaji siku, si dakika. Frigo ya chanjo inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8, na mvua za mwezi wa kumi na moja zinaweza kufunika jua siku mbili, tatu. Kwa muda huo hakuna picha ya kufuata, wala Kahuzi haisemi kitu. Mji mkubwa unaweza kutumia utabiri wa saa mbili: kule Goma, ambako kampuni inayoitwa Nuru ilianzisha mwaka wa 2020 umeme wa jua wa megawati 1.3, wingu likijulikana mapema batri na jenereta zinaweza kupangwa. Kituo kidogo porini hakina cha kupanga. Ushauri wetu kwake: aulize zoni ya afya juu ya zile frigo zinazogandisha barafu ndani yake wakati wa jua, bila batri. Zimetengenezwa kushika baridi siku tatu ao zaidi bila jua. Kama hana, asichaji telefoni za kijiji kizima kwa batri ya chanjo. Tunajua namna mambo yanavyoenda, hata akikatazwa na nani.

Kiongozi wa shimo ndiye tunayemwogopea.

Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka wa 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, mashimo ya fasi inayoitwa Detroit yakafunikwa, na watu wapata 50 walikufa ndani. Wengi wenu munawajua kwa majina. Na tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka wa 2023, siku ya soko, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Sateliti inaona wingu. Haioni udongo uliokwisha kulewa maji kwa mvua za wiki nzima, haioni kilima kilichokatwa miti, haioni nyumba iliyojengwa kwenye njia ya mto.

Lakini kwa shimo picha ina faida moja ambayo macho hayana. Mtu aliye porini, katikati ya miti na vilima, anaona kipande kidogo cha mbingu kama sahani. Maji yanayomwua mara nyingi hayakuanguka juu ya kichwa chake. Yalianguka juu ya kilima kingine, mtoni juu, na yeye bado anaona jua. Picha inaonyesha bonde lote. Kwa hiyo tulimwambia hivi: mtu mmoja wa juu, asiyekunywa pombe, awe na telefoni. Kuanzia saa tano aangalie picha mbili, ya sasa na ya nusu saa iliyopita. Asiangalie tu kama wingu linakuja. Aangalie kama linanenepa. Kwa picha ya joto, wingu lililokuwa doa dogo na sasa limekuwa kubwa na baridi zaidi, upande wa mto juu, ni neno la kutoa watu, hata kama linaonekana linaenda zake.

Pasipo rezo, atumie masikio. Akiona radi ahesabu sekunde mpaka ngurumo. Sekunde tatu ni kilometa moja. Chini ya sekunde 30, wingu liko ndani ya kilometa 10, hapo kamba zitikiswe, na wa juu nao waache kusimama kileleni ao chini ya mti mrefu. Wasirudi mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo hata moja. Na shimoni wasirudi siku ile hata zikipita, kwa sababu maji ya kilima yanaendelea kushuka.

Aliuliza: "Kisha nikiona, nitakuwa na muda?" Tulimjibu kwamba picha inaweza kumpa saa moja, mara nyingine mbili, na mara nyingine, wingu likizaliwa juu yake, nusu saa tu. Mengine yanategemea ngazi zake. Tukamwomba apime, asikisie: siku ya jua, bila kuwaambia watu mapema, apige chuma, atazame saa, ahesabu mpaka mtu wa mwisho atoke nje na kujibu jina lake.

Alidhani ni dakika 15. Wiki mbili kisha alituletea neno kwa msafiri wa pikipiki. Shimo lake lina meta 60 na watu 12. Ilikuwa dakika 47.